Waayalandi wa Jukwaani New York: Nani Ana Ruhusa ya Kuanika ya Ndani?

Yonkers ni mji uliogandana na Bronx, sehemu ya jiji la New York, upande wa kaskazini, na ukiishi pale, New York unaiita "mjini" kama vile iko mbali. Nilikuwa nimefikia kwa ndugu, hatua chache kutoka McLean Avenue, mtaa ambao mgeni hahitaji kuambiwa ni wa akina nani. Baa zina majina ya Kiayalandi, dukani kuna majani ya chai na soseji za kule kwao, na kwenye vioo yamebandikwa matangazo ya mechi za kandanda lao, ile ya kudaka mpira kwa mikono na kuupiga teke. Siku moja nikamwuliza mama mmoja wa makamo tuliyekuwa naye kwenye foleni: nikitaka kutazama mchezo wa kuigiza wa Waayalandi huko mjini, niende wapi? Akanitazama kidogo. "Waayalandi wapi? Wa kule au wa hapa?"

Nililiona swali dogo. Imenichukua safari kadhaa za treni kugundua kwamba hapo ndipo fundo lote lilipo.

Wa kule ni waliozaliwa Ayalandi. Wa hapa ni watoto, wajukuu na vitukuu vya waliohama. Wengi walihama kwa njaa. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye mashamba ya viazi, chakula kikuu cha maskini wa kisiwa kile, na hadi kufikia 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni moja wamepanda meli. New York iliwapokea kwa shingo upande. Sensa ya 1855 ilikuta zaidi ya robo ya wakazi wa jiji wamezaliwa Ayalandi. Walichimba mitaro, walipakua mizigo bandarini, wanawake wakafua na kupika katika nyumba za matajiri. Na jioni, wenye senti walikwenda kutazama maonyesho.

Walichokikuta jukwaani ni wao wenyewe, wakichekwa. Mwayalandi wa jukwaani alikuwepo tangu kabla ya njaa: mlevi, mgomvi, suruali imetatuka, rungu mkononi, Kiingereza chake kinapinda kila baada ya maneno matatu. Kwa hiyo swali la mama wa foleni lina umri mrefu. Tangu mwanzo jambo lililogombewa ni hili: nani ana haki ya kumwonyesha Mwayalandi mbele za watu, na amwonyeshe akiwa na aibu zipi?

Wa kwanza kulishika swali hilo kwa nguvu alikuwa mtu wa kule. Dion Boucicault, mzaliwa wa Dublin, aliingia New York mwaka 1853, mwigizaji na mwandishi na mfanyabiashara kwa pamoja. Alikuwa miongoni mwa waliosukuma sheria ya 1856 iliyompa mwandishi wa tamthilia nchini Marekani haki juu ya kuonyeshwa kwa kazi yake. Kabla ya hapo, mwenye ukumbi aliweza kuichukua na kuicheza bila kumlipa hata senti. Mwaka 1860 alitoa The Colleen Bawn, na mwaka 1874 The Shaughraun, ambamo yeye mwenyewe alicheza Conn, mzururaji mpenda chupa. Ujanja wake ulikuwa huu: hakumwondoa yule mlevi aliyezoeleka. Alimwachia chupa yake, akamwongezea akili. Conn ndiye anayewazidi kete wakubwa wote waliomo. Watu walewale waliozoea kumcheka wakajikuta wanacheka naye.

Edward Harrigan ndiye wa hapa hasa. Alizaliwa mwaka 1844 upande wa mashariki wa Manhattan ya chini, karibu na gati. Pamoja na mwenzake Tony Hart, na mtunzi wa muziki David Braham, alijenga miaka ya 1870 na 1880 aina ya vichekesho ambavyo jiji halikuwa limeviona: nyumba za kupanga zilizobanana, mwenye duka Mjerumani, wapangaji Waayalandi, Weusi, Wachina, Waitaliano, wote wakigombania ngazi moja na bomba moja la maji. Mwezi Januari 1879 walifungua The Mulligan Guard Ball. Dan Mulligan ana kikundi chake cha gwaride, watu wazima waliovaa sare za kuokoteza wakijifanya jeshi. Mwanawe anataka kuoa binti wa muuza nyama wa Kijerumani, na wazazi hawataki kusikia. Halafu ukumbi wa dansi unakodishwa kwa vikundi viwili usiku mmoja, kikundi cha Mulligan na kikundi cha Weusi. Ili yaishe, hawa wa pili wanapelekwa ghorofa ya juu. Wanacheza kwa vishindo mpaka dari inaporomoka, na wanadondoka katikati ya dansi ya Waayalandi.

Ukisoma hivyo unacheka. Ila hapo pana jambo ambalo wapenzi wa historia hii hulipitia mbiombio: wale Weusi waliodondoka kutoka darini walikuwa waigizaji weupe waliojipaka masizi usoni. Tony Hart alijulikana kwa kucheza wanawake, na mmoja wa wanawake hao alikuwa mtumishi Mweusi. Michoro ya magazeti ya zama zile ilimchora Mwayalandi kama sokwe mwenye kofia. Jukwaani, kwa kujipaka masizi, akapata mtu wa kumweka chini yake. Simlaumu Harrigan peke yake, ndivyo biashara nzima ya burudani ilivyokwenda, lakini anayekusimulia jinsi Waayalandi walivyopanda ngazi ya Marekani akaruka kipengele hicho amekuuzia nusu ya mzigo.

Turudi kwenye treni. Ukipandia stesheni ya Woodlawn, barabara ya 233, unafika stesheni ya Grand Central, katikati ya Manhattan, kwa nusu saa hivi. Mara tu baada ya kuondoka, treni inapita ubavuni mwa makaburi makubwa ya Woodlawn, na humo amelala George M. Cohan, nyota wa jukwaa aliyefariki mwaka 1942. Ukishuka Grand Central, fuata barabara ya 42 kwa miguu kuelekea magharibi mpaka kwenye taa za Times Square, utakutana naye tena, safari hii amesimama, wa shaba, kofia na fimbo mkononi. Nyuma yake kuna sanamu ya Padri Francis Duffy, aliyekuwa kasisi wa kikosi cha Waayalandi wa New York katika vita vya kwanza vya dunia, na nyuma ya padri msalaba wa jiwe wa Kiselti. Watu mamia wamekaa kwenye ngazi nyekundu zilizo juu ya kibanda cha tiketi za punguzo, wanajipiga picha, wamewakodolea macho Waayalandi wawili wasiowajua.

Cohan aliimba na kucheza na wazazi wake na dada yake tangu mtoto. Alichagua njia yake ya kumaliza maneno ya "hawa si wenzetu": alikuwa Mmarekani kuliko Wamarekani. Bendera, ngoma, gwaride. Alizaliwa tarehe 3 Julai 1878 lakini maisha yake yote alisema ni tarehe 4, siku ya uhuru. Wimbo wake wa 1917 uliwasindikiza askari Ulaya. Hiyo ndiyo suluhisho nambari moja la aibu: kuifunika kwa bendera. Wanachama wa chama cha waigizaji walimkumbuka kwa jambo jingine, kwamba walipogoma mwaka 1919 yeye alisimama upande wa matajiri.

Suluhisho nambari mbili lilikuwa kurusha viazi.

Mwezi Novemba 1911, kampuni ya maigizo ya Abbey kutoka Dublin ilileta New York mchezo wa John Millington Synge, The Playboy of the Western World. Kijana mmoja anaingia kwenye kilabu cha kijijini usiku, amechoka, anasema amempiga baba yake sepetu ya kichwa akamuua. Badala ya kumfunga, kijiji kinampenda. Wasichana wanamletea mayai. Dublin yenyewe ilikwishafanya fujo mwaka 1907, na kilichowasha moto kilikuwa neno dogo: shimizi. Mhusika alitaja wanawake waliosimama na shimizi zao tu, na ukumbi ukapaza sauti kwamba mwanamke wa Kiayalandi ametukanwa.

New York ilikuwa kali kuliko Dublin. Viazi vilirushwa jukwaani, na vichupa vya uvundo, polisi wakawatoa watu nje. Usiku uliofuata Theodore Roosevelt, rais mstaafu, alikuja akaketi na Lady Gregory, mama mkuu wa kampuni, kuonyesha yuko upande gani. Januari 1912, kule Philadelphia, waigizaji wote walikamatwa kwa madai ya kucheza mchezo wa kuharibu maadili, na wakili aliyekwenda kuwatetea, John Quinn, alikuwa mtu wa hapa pia. Kesi ikafutwa.

Angalia nani alirusha viazi na nani alirushiwa. Walioshambuliwa walikuwa Waayalandi wa kule. Walioshambulia, wa hapa. Ukijiuliza kwa nini, fikiria walikuwa wamefika wapi kufikia 1911. Watoto wa wachimba mitaro walikuwa sasa polisi, wazima moto, walimu, madiwani. Wao wenyewe walikuwa na majina ya kupangana: wapo Waayalandi wa vibanda, na wapo Waayalandi wa mapazia ya lesi, yaani waliofika mahali pa kuficha ya ndani kwa pazia jeupe. Ayalandi waliyoibeba ilikuwa picha ya ukutani: kijiji cha kijani, bibi mcha Mungu, kinubi. Mtu aliyebaki kule anaweza kukicheka kijiji chake, kesho atakiamkia. Wewe uliyeondoka unacho kwenye fremu tu, na akija mtu kukichora na matope, unaona fremu inavunjwa. Waswahili tuliotapakaa Muscat, London na Minneapolis, tusijifanye hatuelewi.

Kwenye maonyesho ya Abbey msimu ule alikuwepo kijana mmoja wa miaka 23, mlevi, mbaharia wa muda, asiyejulikana na mtu. Hakurusha kitu. Alitazama kila mchezo walioleta, na baadaye alisema ndio waliomfumbua macho. Eugene O'Neill alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1888 katika chumba cha hoteli kwenye kona ya Broadway na barabara ya 43, pale pale unapopita kwa miguu ukitoka Grand Central. Hoteli haipo tena. Baba yake, James O'Neill, alikuwa wa kule, mzaliwa wa Kilkenny aliyeletwa mtoto, akawa nyota wa Marekani nzima kwa kucheza mhusika mmoja, Kabaila wa Monte Cristo, maelfu ya mara. Alitajirika, na akaharibika kama msanii. Hakuna aliyetaka kumwona akicheza kitu kingine. Mama, Ella, alianza kupewa mofini baada ya kumzaa Eugene na ikamshika kwa miaka mingi. Kaka mkubwa alikunywa hadi kufa.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. O'Neill ndiye aliyeosha, na alikaa na siri ile mpaka uzeeni. Kabla ya hapo alishaandika mengi: New York alianza mwaka 1916 na kikundi cha Provincetown katika chumba kidogo cha Mtaa wa MacDougal, akapata tuzo ya Pulitzer mara tatu akiwa hai, na Nobel mwaka 1936. Mwaka 1933 alitoa hata kichekesho cha familia yenye furaha, na aliyecheza baba alikuwa nani kama si George M. Cohan.

Jambo lingine alilofanya ni kulifumua lile la Harrigan, ingawa si bila doa. The Emperor Jones ya 1920 ilimweka Charles Gilpin, mwigizaji Mweusi halisi, katikati ya jukwaa. Gilpin alilikataa tusi la rangi lililojaa kwenye maneno ya mhusika wake, akawa analibadilisha kila usiku. O'Neill akakasirika, na mchezo ulipokwenda London mwaka 1925 nafasi ikapewa Paul Robeson. Mwaka 1924 Robeson alikuwa amecheza mume Mweusi wa mwanamke mweupe katika All God's Chillun Got Wings, huku vitisho vikimiminika na ofisi ya meya ikiwakatalia watoto kibali cha kuonekana kwenye sehemu ya kwanza. Majina ya wanandoa hao ni Jim na Ella, majina ya wazazi wa O'Neill. (Robeson huyo huyo, akiwa London miaka ya 1930, alikaa darasani kujifunza Kiswahili.)

Ile ya nyumbani ilimalizika mwaka 1941: Long Day's Journey into Night. O'Neill aliifunga kwa lakiri na kuagiza isichapishwe mpaka ipite miaka 25 tangu kifo chake. Alifariki mwaka 1953. Mjane wake, Carlotta, hakungoja hata mitatu kamili. Februari 1956 ilichezwa Stockholm, Novemba New York. Familia iliyomo inaitwa Tyrone, jina la kaunti ya Ayalandi ambayo ukoo wa O'Neill uliitawala zamani. Kwa hiyo jina amelibadilisha, na hajalibadilisha.

Nichukue kipande kimoja tu. Kitendo cha nne, usiku wa manane, honi ya ukungu inalia baharini, baba na mwana mdogo wako mezani na chupa ya wiski. Mzee amekuwa akigombana na kila mtu kuhusu taa. Hataki balbu iwake bila sababu. Mwana anamtukana kwa ubahili. Mzee kwa hasira anawasha balbu zote za chandeli, potelea mbali, nyumba yote ing'ae! Halafu anasimulia: baba aliyewakimbia, mama aliyesafisha nyumba za watu, yeye kiwandani akiwa na miaka 10, nyumba walizofukuzwa kwa kukosa kodi. Anakiri kwamba woga ule ndio uliomfanya auze kipaji chake. Ni maungamo ya kukata maini. Akimaliza, anasema mwanga unamuumiza macho, je kuna ubaya akizizima? Na anasimama, anazima moja, nyingine, nyingine. Yeyote aliyelelewa na mzee wa kuhesabu yuniti za Luku anamjua mtu huyo. Njaa ya 1845 iko palepale kwenye balbu, miaka 67 baadaye, kwa maana mchezo umewekwa mwaka 1912.

Lakini Waayalandi wenyewe, wakati O'Neill anaanikwa hadharani, walikuwa wanafungasha. Baada ya vita vya pili, mikopo ya nyumba kwa askari waliorudi na barabara kuu mpya ziliwatoa Hell's Kitchen huko Manhattan na Bronx ya kusini, zikawapeleka Yonkers, Long Island, New Jersey, na Pearl River ng'ambo ya Mto Hudson, ambako wazima moto na polisi wa jiji walijaa. Ndiyo sababu ya McLean Avenue kuwa kama ilivyo. Brian Dennehy, aliyekulia Long Island, alipata tuzo ya Tony, ile ya maigizo ya Broadway, mwaka 2003 kwa kumcheza yule mzee wa balbu. John Patrick Shanley, mtoto wa Bronx mwenye baba wa kule, alishinda Pulitzer mwaka 2005 kwa Doubt: shule ya Kikatoliki ya Bronx, mwaka 1964, mtawa anamshuku padri kuhusu mtoto. Ni lile lile pazia la lesi linavutwa.

Watazamaji nao siku hizi wanakuja kwa treni. Maonyesho ya saa nane mchana siku za Jumatano yamejaa mvi za viungani, watu wanaotaka kufika nyumbani kabla ya giza. Ukienda usiku, na mchezo ni wa O'Neill, uliza kwanza unaisha saa ngapi. Huyu bwana hakujali treni ya mwisho. Usichanganywe pia na neno Broadway. Ni barabara, lakini kwa watu wa maigizo ni ukubwa wa ukumbi: viti 500 na zaidi, na kumbi za namna hiyo zipo 41, nyingi haziko hata kwenye barabara yenyewe. Kuanzia viti 100 hadi 499 ni nje ya Broadway, na hapo ndipo Waayalandi wanapopatikana kwa bei ya kuvumilika. Ukumbi wa Irish Repertory, namba 132 barabara ya 22 magharibi, ni mdogo kiasi kwamba mwigizaji akishusha pumzi unaisikia. Ulianzishwa mwaka 1988 na watu wawili, Ciarán O'Reilly wa kaunti ya Cavan na Charlotte Moore, Mmarekani. Mmoja wa kule, mmoja wa hapa. Nilirudi dukani McLean Avenue nikitaka kumpa yule mama jibu, sikumkuta.

Upo pia ukumbi wenye jina la O'Neill mwenyewe, barabara ya 49, wa Broadway kamili. Usiende ukimtarajia yeye. Tangu 2011 humo unachezwa mchezo wa nyimbo na vichekesho kuhusu vijana wa madhehebu ya Kimormoni waliotumwa kuhubiri Uganda, Uganda ya ukimwi, mbabe wa vita na umaskini, iliyoandikwa na Wamarekani na kuchekwa usiku hadi usiku. Sijawahi kusikia Mganda aliyekwenda na viazi.